Miguu yangu haisikii, nikifika kwa wakwe nivue viatu au nisivue?

Swali:

"Habari mtaalamu, mimi ni mama wa miaka 54 niko Lindi mjini, kisukari ninacho mwaka wa 11 huu, natumia vidonge. Kliniki wameniambia nisitembee pekupeku kabisa hata ndani kwangu maana miguu imeanza kufa ganzi. Sasa huku kwetu unajua mwenyewe, nyumba zote unavua mlangoni. Mwezi uliopita nilienda msibani Mchinga, nikavua kama watu wote, nikashinda pale nasaidia jikoni, kurudi usiku mwanangu ndo ananiambia mama mbona unaacha damu sakafuni. Kumbe kuna kitu kimenichoma chini ya kidole gumba na sikusikia. Pamekaukakauka lakini hapajafunga vizuri. Wiki tatu zijazo tunapeleka posa ya kijana wangu Mikindani, ni watu wa dini sana na hatujazoeana. Nikivaa soksi inatosha? Nikiingia na viatu si wataona nina maringo au sikufunzwa? Au nikae barazani tu? Kuna ndugu ananiambia bora nisiende nimtume wifi yangu. Naomba unijibu kwa urefu."

Jibu:

Dada yangu, pole na msiba na pole na mguu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla sijafika kwenye viatu na wakwe nataka tuanze na hicho kidonda, maana umekitaja kama jambo la pembeni na kwangu mimi ndo la kwanza. Kidonda chini ya mguu wa mtu mwenye kisukari ambacho kina wiki kadhaa hakijafunga hakisubiriwi, hata kama hakiumi, hata kama juu kimekauka. Juu panaweza kuwa na ukoko mzuri kabisa na chini yake usaha unachimba kimyakimya kuelekea kwenye mfupa, na wewe husikii kitu kwa sababu ile ile iliyofanya usisikie ulipochomwa. Kwa hiyo kesho asubuhi, usingoje siku yako ya kliniki, nenda kituo cha afya kilicho karibu au nenda moja kwa moja hospitali ya Sokoine hapo hapo Lindi, waambie maneno haya: nina kisukari miaka 11, miguu ina ganzi, nina kidonda cha unyayo kina mwezi. Wakifunue, wakisafishe, waangalie kama kuna kipande cha kitu kimebaki ndani, na uwakumbushe chanjo ya pepopunda kwa sababu hujui kilichokuchoma ni nini. Na kuanzia leo usikanyagie hapo, punguza kutembea kadiri unavyoweza. Usikande na maji ya moto ya chumvi, usipake dawa ya mswaki wala majivu. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa kitambaa safi, basi, mengine waachie wao.

Haya sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mimi nimehudumia miguu ya wagonjwa wa kisukari huku kusini kwa miaka, na nakuhakikishia hili la kuvua mlangoni naulizwa na akina mama karibu kila wiki, ila wengi wananiuliza kwa kunong'ona wakiwa wameshasimama wanaondoka, kama vile ni aibu. Hamna aibu hapo. Unaogopa vitu viwili, unaogopa mguu na unaogopa kuonekana huna adabu, na vyote viwili ni vya kweli, sitakwambia kimojawapo ni cha kipuuzi.

Ngoja nieleze kwanza kwanini walikukataza, maana nahisi walikupa katazo bila sababu, na katazo lisilo na sababu mtu analivunja siku ya kwanza akiona watu wanamwangalia. Sukari ikiwa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu na ile midogo ya damu inayoilisha. Inayoumia kwanza ni ile mirefu kuliko yote, inayotoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Watu wa Newala na Tandahimba wataelewa haraka, maji ya bomba yakipungua nguvu nyumba ya kwanza kukosa ni ile ya mwisho wa bomba. Ndo maana ganzi inaanza vidoleni inapanda kama mtu anavaa soksi. Na sio hisia tu, mishipa hiyo hiyo ndo inauamuru mguu utoe jasho, ikifa ngozi inakauka, magaga yanapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa wadudu. Tena misuli midogo ya mguu inalegea, vidole vinajikunja, uzito wote unahamia chini ya kidole gumba na pale kwenye mto wa mbele wa unyayo, pale pale ulipochomwa wewe.

Mtu mwenye hisia zake akichomwa na sindano anaruka, anakaa chini, anaitoa, na siku mbili atachechemea. Kule kuchechemea ndo dawa yenyewe, kunapumzisha kidonda. Wewe ulichomwa ukaendelea kupika wali wa watu, ukatembea hadi kwenye gari, ukashuka, ukaingia ndani. Kila hatua ilikuwa inakamua kidonda na kukisukumia uchafu. Kwa hiyo usije ukasema mbona siku zote navua na sijawahi kuumia, wewe huwezi kujua uliumia mara ngapi, unajua tu ile mara moja ambayo mtoto aliona damu.

Sasa soksi. Hapa watu wengi sana wanajidanganya. Ushauri wa wataalamu wa mguu wa kisukari duniani unasema wazi, mtu aliyepoteza hisia asitembee pekupeku, asitembee na soksi bila kiatu, na asitembee na ndala nyembamba, iwe nje au ndani ya nyumba. Soksi haizuii sindano, haizuii kaa la moto, haizuii mwiba wa samaki. Na kwenye sakafu ya tailizi inateleza, na mtu asiyesikia ardhi vizuri akiteleza anaanguka mzima mzima. Faida ya soksi nyeupe ni moja tu, damu inaonekana haraka.

Kuna wengine wanadhani hatari ni kwenye nyumba za udongo tu, kwenye sakafu nzuri hamna shida. Udongo una yake ni kweli, kuna funza kwenye mavumbi, na ardhi yenye unyevu ina minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi. Lakini nyumba ya saruji na tailizi ina sindano za cherehani, vipande vya glasi, vikwangua samaki, na saruji ya kibarazani iliyopigwa na jua la saa saba mchana inaunguza unyayo usiosikia mpaka inatoa malengelenge. Na huku kwetu nitaongeza moja ambayo vitabu vya wenzetu haviandiki, korosho. Msimu wa korosho ukienda nyumba ambayo wanachoma na kubangua uani, yale maganda yana mafuta makali yanayobabua ngozi, kila mtu aliyewahi kubangua anaijua mikono yake ilivyokuwa. Mtu mwenye hisia akikanyaga ganda bichi baada ya muda atasikia pananyonyota, ataosha. Wewe utalala nayo.

Baada ya hapo tuangalie na upande wa pili, adabu. Tujiulize kwanini tunavua. Huku pwani chini ndo mezani, chini ndo kitandani, chini ndo mahali pa kuswalia. Unatandika mkeka unaweka sinia watu wanakula, mtoto anatambaa hapo hapo, jioni mzee anatandika msala hapo hapo anaswali. Kiatu kimetoka sokoni kwenye maji ya samaki, kimepita chooni, kimekanyaga mavi ya kuku, ndo kije kwenye hicho chakula na hiyo swala? Haiwezekani. Kwa hiyo kinachokatazwa mlangoni ni ule uchafu na najisi ya nje, hamna mtu aliyewahi kusema heshima ni mwenyeji aone ngozi ya mguu wako. Kiatu kisichowahi kukanyaga nje hakina kosa hilo.

Na isije ikaonekana naleta mambo ya kigeni. Bibi zetu wa pwani walikuwa na mitalawanda, vile viatu vya mti vyenye kipini cha kubana kwa vidole, walivaa ndani ya nyumba na kwenda navyo chooni, ukisikia kwa-kwa-kwa uani unajua bibi anakwenda kutawadha. Kiatu cha ndani ni chetu tangu zamani. Kilichopotea ni mazoea tu, zikaja ndala za plastiki zinavaliwa nje ndani chooni kote, ndo watu wakaona kila kiatu ni kichafu. (Hiyo mitalawanda usiitafute uivae sasa hivi, ile inateleza na kipini chake kinasugua katikati ya vidole, nimeitaja kwa ajili ya hoja.)

Upande wa dini nitasema kidogo kwa sababu mimi sio sheikh. Umesema ni watu wa dini sana, basi hao ndo watakaokuelewa upesi zaidi, maana wanajua dini inaangalia twahara, kwamba kiatu kina najisi au hakina, na wanajua sheria ya kupangusa juu ya khufu, zile soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu kwenye udhu, mkazi siku moja usiku na mchana na msafiri siku tatu, kwa maana hiyo kufunika mguu hakujawahi kuwa dhambi. Kama unataka kujua masharti ya khufu kwa hali yako muulize sheikh wa msikiti wako na umwambie una ganzi. Langu mimi ni udhu, unaosha miguu mara tano kwa siku na wengi hawakaushi katikati ya vidole, unyevu unakaa, fangasi wanaota, ngozi inakuwa nyeupe na laini inachanika. Beba kitambaa kidogo, kausha kila kidole, kila mara. Na pale unapotoka bombani kwenda kwenye kapeti vaa viatu vyako, usikatize uwanja pekupeku.

Ila sitakuficha, macho ya watu yana sheria yake. Hata kiatu kikiwa kipya kimetoka dukani, mtu wa makamo akikiona juu ya mkeka wake moyo unamruka. Ndo maana mimi nawaambia wagonjwa wangu hivi, hatari ya mguu iko kwenye kutembea na kusimama, haiko kwenye kukaa. Hapo ndo mlango wa kutokea ulipo. Unatembea ndani na kiatu safi cha ndani, ukifika kwenye mkeka unakaa kwanza kwenye ukingo, ukishakaa unavua, unaviweka pembeni vimelaliana soli, unakunja miguu yako juu ya mkeka kama kila mtu. Ukitaka kunyanyuka unavaa kabla hujasimama. Mkeka haujakanyagwa na kiatu na mguu haujakanyaga chini. Wenyeji wakikuona umefanya vile hamna atakayekuita mwenye maringo, maana umeonyesha unaujua mkeka ni nini. Kitu kimoja tu, usikalie kifundo kimoja saa nzima, badilisha mkao kila baada ya muda kidogo, ngozi ya kifundo iliyobanwa sakafuni nayo inatoboka bila kusikia. Wakikupa kiti kubali, usione unajitenga.

Kiatu gani? Tafuta kilichofunika vidole, chenye mkanda nyuma au ule wa kunata unaobandua na kubandika, soli nene ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu haizami, ndani hamna mshono uliosimama. Mtumba unapata vizuri tu, raba nyepesi ya kike, ukiitoa sokoni unaifua, unaianika, na kuanzia siku hiyo haikanyagi nje hata mara moja, iwekee mfuko wake. Yeboyebo ya kufunika vidole ni ya pili, inafulika na bei yake ndogo, ila pitisha mkono ndani uone kingo za plastiki zisiwe kali na usiivae kutwa nzima maana inachemsha mguu. Ndala sitaki, na sio kwa sababu ya wembamba tu, mtu mwenye ganzi ndala inamtoka mguuni na yeye anaendelea kutembea hajui, nimeona watu wanaingia chumba cha daktari na ndala moja. Katambuga za tairi zina vimisumari vya kushikia mikanda, vikilegea vinachomoza ndani, achana nazo kabisa. Na zile ndala za chooni za mwenyeji ambazo kila mgeni anaingiza mguu, shukuru, kisha vaa zako, fangasi wanahamia kirahisi sana pale.

Chochote utakachopata usikivae kwa mara ya kwanza siku ya posa. Kidonda kikiwa kimefunga na kliniki wamekuruhusu, vaa nyumbani nusu saa, vua, angalia kama kuna sehemu imekuwa nyekundu, kesho yake saa nzima, hivyo hivyo. Na kila ukivaa kwanza kigeuze ukikung'ute, kuna watu wametembea siku nzima na kokoto au kizibo cha soda ndani ya kiatu.

Sasa utasemaje? Usingoje mlangoni uanze kujieleza wenzako wote wamesimama na mabegi. Mna mshenga, mtumieni, hii ni kazi yake kabisa. Akipeleka habari ya siku na idadi ya watu aongeze tu kwamba mama wa kijana anaumwa miguu, daktari amemkataza kukanyaga chini, atakuja na viatu vyake vya ndani visivyotoka nje, anaomba radhi kabla. Na kama ni familia ya kina Makonde au Mwera au Yao au Makua, unajua huku kusini ukoo unahesabiwa upande wa mama, mjomba wa binti ana neno zito, basi hakikisha habari imemfika mjomba na sio baba peke yake. Siku yenyewe ukipiga hodi, vua vya nje kama watu wote, tena vua waziwazi waone, kaa kwenye kiti au ngazi ya baraza, toa vya ndani kwenye mfuko, vaa, alafu mwambie mama mwenye nyumba kwa mdomo wako, "Mama, nisamehe, nina kisukari na miguu yangu haisikii, hivi ni vya ndani tu havijakanyaga nje." Maneno yanatosha hapo. Usianze kusimulia kidonda, usilie shida, utafanya waone uchungu siku ya furaha.

Nitakwambia kilichotokea kwa mgonjwa wangu mmoja, bila kumtaja. Alikaa miaka miwili anakwepa shughuli za watu kwa sababu ya hili hili, hakwenda hata ngoma ya mjukuu wa dada yake, watu wakamuona amejitenga ana dharau. Siku aliyothubutu kusema, mwenye nyumba akainua kanga kidogo akamuonyesha mguu wake, ana matende, na yeye amekuwa akiogopa kwenda kwa watu asije akavua viatu wakaona. Walikuwa majirani. Matende na mabusha huku Lindi na Mtwara tumekaa nayo miaka na miaka, kisukari nacho kimejaa, kwa hiyo ukiingia nyumba yoyote ya huku kuna uwezekano mkubwa humo ndani kuna mtu mwingine mwenye siri ya mguu.

Je kuna watakaokataa? Inawezekana, wapo wazee ambao utawaeleza vyote na bado uso utakunjamana. Hapo usibishane nyumbani kwa watu. Omba mkeka au kiti barazani, kaa hapo na wanawake wenzako, shughuli nyingi za huku zinaishia barazani hata hivyo. Baraza sio adhabu. Lakini usikubali kuvua ili kumridhisha mtu, yeye atakuwa amekasirika nusu saa.

Lile la kumtuma wifi. Mimi nasema nenda, posa ya kijana wako mama yake awepo. Isipokuwa, na hapa nisikilize vizuri, kama hicho kidonda hakijafunga siku hiyo. Kiatu kizuri kinazuia kidonda kipya, hakiponyi cha zamani kinachokanyagiwa kila siku. Kikiwa bado wazi lakini safi, waulize wanaokuhudumia, wanaweza kukuruhusu uende kwa gari mpaka mlangoni, ukae, urudi, bila kuzunguka na bila kugusa jikoni. Kikiwa kimevimba, kimekuwa chekundu, kinanuka, au sukari imepanda ghafla, hapo wifi aende na wewe upige simu uongee na mama wa binti mwenyewe. Hatutaki uanze ukwe ukiwa wodini.

Na jikoni kwenyewe. Ulichomwa jikoni msibani, na nadhani kwenye harusi wakikukaribisha hutakaa, najua akina mama wa huku. Omba kazi ya kukaa kwenye kiti, kuchambua mchele, kukuna nazi ukiwa juu ya mbuzi na viatu mguuni, kupanga sahani. Kule kwenye mafiga na makaa na maganda usiende. Harusi ikifika watataka kukupaka hina na piko mama wa bwana harusi, piko ile nyeusi mara nyingi ni dawa ya nywele, inaunguza ngozi na kwenye mguu wa ganzi utaona malengelenge baadaye, mwambie akupake mikononi hina ya majani tu, miguu aiache wazi tuwe tunaiona.

Ukilala ugenini kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione. Dokta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya aking'ata, mwenye hisia anashtuka, mwenye ganzi anaamka asubuhi na kidonda. Kwa hiyo ukilala chini kwenye mkeka msibani, nawa miguu vizuri isinuke chakula, vaa soksi, chomeka chandarua chini ya godoro au mkeka pande zote. Soksi hapa ndo zina kazi yake, kitandani.

Nimesema mengi kana kwamba kila mwenye kisukari yuko sawa na wewe, haiko hivyo. Mwenye kisukari ambaye hisia zake zipo na damu inafika vizuri, akivua mlangoni dakika kumi akakaa mkekani hatapata shida, ajiangalie tu. Kuna jaribio dogo la nyumbani lililotokea Ipswich, Uingereza. Funga macho, mwanao akuguse kwa ncha ya kidole, taratibu bila kubonyeza, sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, vidole sita jumla, we useme ukisikia. Usiposikia viwili au zaidi, mguu wako uko hatarini na haya yote niliyosema ni yako. Kliniki wanatumia kiuzi cha nailoni kinachojikunja kwa uzito wa gramu 10, omba ufanyiwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa ganzi yako na hicho kidonda mara nyingi zaidi, miezi mitatu isipite, maana kwenye foleni ndefu hamna anayekumbuka kukuvua viatu, kwa hiyo ukifika kwenye kiti cha daktari vua mwenyewe kabla hajauliza.

Magaga usikate kwa wembe. Mafuta ya nazi jioni juu na chini ya mguu, katikati ya vidole usipake. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko au apime mtoto, usipime kwa mguu.

Mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho: kidonda chochote chenye wekundu unaosambaa, usaha au harufu, kidole kilichobadilika kuwa cheusi au bluu, homa na kutetemeka huku una kidonda. Na lingine watu hawalijui, mguu ukivimba ukawa wa moto kuliko mwenzake hata kama hauna kidonda wala hauumi, acha kuukanyagia kabisa na uende, mifupa ya ndani inaweza kuwa inavunjika na wewe unatembea. Ukiwa upande wa Mtwara siku ya posa kukitokea lolote, Ligula ndo hospitali ya mkoa na kutoka Mikindani sio mbali.

Siku hiyo ukirudi Lindi, kabla hujalala, hata kama umechoka na una furaha namna gani, kaa kitandani, washa taa, mwite mwanao yule yule aliyeona damu akuangalie nyayo zote mbili na katikati ya kila kidole, na asubuhi kwenye mwanga wa jua akuangalie tena.